Sentensi Tisa za Doña Eufrosina

Doña Eufrosina alikuwa na miaka sitini na mmoja siku alipoingia darasa la Kiingereza, na aliingia amebeba kiti chake mwenyewe, maana viti vya ukumbi wa parokia alivijua: havikutengenezwa kwa watu wenye nyonga. Wanafunzi waliomtangulia walikuwa vijana kumi na wawili waliotaka kazi za hoteli kule pwani. Walipomwona mlangoni wakasimama wote, wakidhani ndiye mwalimu.

"Kaeni, wanangu, kaeni," akasema. "Mimi ni mjinga mwenzenu."

Kilichompeleka pale ni jirani yake. Katika nyumba ya pili kutoka kwake, ile yenye mlango wa buluu unaotazama ziwa, aliishi bibi mmoja Mkanada aitwaye Winifred, ambaye kijiji kizima cha San Jerónimo kilimwita doña Wini. Alikuja na mumewe miaka ishirini na miwili iliyopita. Wakapanda mawaridi, wakajifunza Kihispania cha kununulia mkate, kisha cha kusalimia, mwisho hata cha kutaniana. Mume akafariki, akazikwa makaburi ya hapahapa kijijini. Sasa doña Wini ana miaka themanini na tisa, na kumbukumbu zinamtoka mojamoja. Kihispania ndicho kilichotangulia kuondoka, kama mgeni aliyefika mwisho akaaga kwanza. Kilichobaki ni Kiingereza cha utotoni. Akitaka maji, akisikia baridi, akiogopa, anasema kwa lugha hiyo, na watu wanamtazama kwa huruma wasijue wamletee nini.

Eufrosina alianza kwa kumfulia nguo tu. Hakuna aliyemwambia amchane nywele, wala ampeleke makaburini kila Jumatatu kumsalimia mumewe. Lakini yeye alikuwa na kumbukumbu yake. Mumewe mwenyewe, don Melquíades, alipofariki, doña Wini alikuja kwenye rozari ya matanga siku zote tisa. Hakujua sala hata moja. Alikaa kwenye kona, ameshika tasbihi kichwa chini miguu juu, msalaba ukining'inia upande usio wake, na kila watu walipoitikia "Amina" naye akaitikia, akichelewa kidogo. Siku tisa. Jambo kama hilo mtu halisahau.

Mwezi wa kumi na moja simu ilikuja kutoka Kanada. Alikuwa Desmond, mtoto pekee wa doña Wini, na alizungumza na Yareli, mwalimu wa lile darasa la ukumbini, kwa sababu ndiye aliyejua Kiingereza. Alisema kwa adabu, lakini alisema: mwisho wa Januari atakuja kumchukua mama yake. Kuna nyumba ya wazee huko kwao, na chumba kimepatikana. Kama kijijini yupo mtu anayeweza kumtunza na kuongea naye kwa lugha yake, basi atafikiri upya. Ila mtu huyo aandike kwa mkono wake, kwa Kiingereza, ni nani amewahi kumtunza na alimtunzaje.

"Chumba," Eufrosina alisema alipoambiwa. "Na don Harold pale makaburini atasalimiwa na nani?"

Ndipo akachukua kiti chake akaenda ukumbini.

Yareli alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mjukuu wa mpiga kengele, na alifundisha kwa uvumilivu wa mtu anayechambua maharage. Kwa miezi miwili aliwapa salamu, namba, nguo, magonjwa. Katikati ya Januari akaandika ubaoni maneno mawili, "look after", akayazungushia duara moja.

"Haya ni maneno mawili yenye kazi moja," alisema. "Ukiyatenganisha, moja ni kutazama na jingine ni baada, au nyuma. Ukiyaweka pamoja, ni kutunza. Kumwangalia mtu asipatwe na neno."

"Mwalimu," alisema kijana mmoja aitwaye Ulises, "kwa hiyo Waingereza humtazama mtu kwanza, ndio baadaye wamtunze?"

"Wewe lile daftari lako ungelitazama hata kwanza tu, ningeshukuru."

Vijana wakacheka. Eufrosina hakucheka, alikuwa anaandika. Yeye aliona maneno yale yamekaa mahali pake kabisa. Mtoto anayejifunza kutembea hutazamwa kwa nyuma, mikono umeitanguliza, humgusi. Hayo si ndiyo malezi yenyewe?

Yareli akawataka waandike sentensi kumi kila mmoja, zenye maneno yale, na ziwe za kweli. Kisha akainama kwenye kiti cha Eufrosina. "Doña Frosi, zako ndizo tutakazompelekea yule bwana. Nitakusahihishia herufi tu. Mambo yenyewe yawe ya kwako, kutoka moyoni."

Alasiri ile Eufrosina alikaa mezani jikoni na penseli. Comadre wake Tomasa, aliyembatizia mtoto wa kwanza na aliyekaa ng'ambo ya barabara, alikuja kuazima sufuria akabaki kutoa maoni.

"Utaandika nini?"

"Niliyemtunza."

"Umelea watoto watano, umeuguza mume, umeuguza mama mkwe aliyekuwa anauma watu. Utajaza daftari."

"Hao kila mtu anao," alisema Eufrosina. "Nani hana mama mkwe? Yule bwana anataka kujua kama mimi ni mtu wa kuaminiwa. Nitaandika la maana zaidi."

Wakatazamana, na wote wawili wakageuza macho kwenye chumba cha uani, pale mishumaa ilipokuwa inawaka.

"Hapo umesema," Tomasa aliafiki. "Hapo hata Papa hana la kuuliza."

Mtoto alikuwa mle chumbani. Ni Mtoto Yesu wa mbao, urefu wake kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko, na hana nyumba yake mwenyewe. Kila mwaka, tarehe mbili Februari, hukabidhiwa familia nyingine, nayo humweka kama mtoto wa nyumba: humwamsha, humvika, humlaza, humfungulia mlango kila anayekuja kumwona. Majina ya wanaongoja zamu yameandikwa katika kitabu cha parokia, na foleni ni ndefu kuliko ya maji. Eufrosina na Melquíades walingoja miaka kumi na tisa. Walijenga kile chumba tofali kwa tofali. Melquíades alipiga lipu, akafariki kabla ya kupaka rangi.

Eufrosina aliandika mpaka jua likashuka ziwani. Alipata sentensi tisa. Ya kumi haikuja, akaiachia nafasi yake.

Zilisema hivi, kwa Kiingereza chake kilichonyooshwa na Yareli. Ninamtunza Mtoto mwenye umri wa miaka mia mbili na themanini. Watu wengi walimtunza kabla yangu na wengi wao wamekufa. Nikimtunza simpi chakula, peremende tu. Ni rahisi kumtunza kwa sababu halii. Usiku yeye hutoka kucheza peke yake, na asubuhi ninavitunza viatu vyake. Ana nguo mia tatu na ninazitunza zote. Ninamtunza kwenye chumba kisicho na dirisha, jua lisimharibu rangi. Mume wangu alitaka sana kumtunza lakini alikufa. Nitamtunza mpaka tarehe mbili Februari, kisha nitampa jirani.

Yareli alisoma, akapiga vyema tisa kwa kalamu nyekundu. Alikuwa mtoto wa San Jerónimo. Naye alipokuwa mdogo alimpelekea Mtoto peremende. Hakuona neno la kumshtua mtu. "Zimekaa vizuri, doña Frosi," alisema, na machozi yakamlengalenga kwenye ile ya Melquíades. Akapiga picha, akatuma.

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu Yareli alikuja nyumbani kwa Eufrosina na uso usioelewa.

"Amejibu?"

"Amejibu. Ameuliza kama unaonwa na daktari."

"Daktari wa nini? Nyonga?"

"Hakusema. Ameuliza pia kama polisi wa hapa wana habari."

Wakaketi, wao na Tomasa, wakaisoma karatasi upya, neno kwa neno.

"Labda ni ule umri," alisema Tomasa. "Padre alisema mia mbili themanini na moja."

"Kweli," alisema Eufrosina kwa huzuni. "Nimemdanganya mwaka mzima. Ameona mimi si mkweli."

"Nilimpigia simu, hapokei," alisema Yareli. "Ameandika tu kwamba anakuja Ijumaa adhuhuri, na kwamba tiketi ya mama yake ameshainunua."

Tomasa alikunja aproni yake, akaikunjua, akaikunja tena. Mwishowe akanyanyuka akawasha jiko, akatia maziwa, akamtengenezea comadre wake kikombe cha chokoleti bila kuuliza kama anataka. Eufrosina alikunywa chote. Halafu akaenda kumlaza doña Wini, na siku ile alimfunika blanketi mbili, ingawa baridi haikuwa kubwa.

Desmond hakufika adhuhuri. Alifika saa moja asubuhi, kwa teksi ya usiku kucha kutoka uwanja wa ndege. Aliukuta mlango wa buluu umerudishwa tu, kitanda cha mama yake kimetandikwa, yeye hayupo. Akatoka barabarani na mkoba begani, ameingiwa na hofu, mpaka muuza mkate alipomwonyesha kwa kidole nyumba ya Eufrosina, ambako watu walikuwa wakiingia mmojammoja.

Yareli alipanga kuja saa tano kutafsiri. Saa moja alikuwa bado amelala.

Kwa hiyo Desmond aliingia peke yake, hakuna aliyemzuia, kwa sababu nyumba yenye Mtoto haina mgeni. Uani palikuwa na majirani sita au saba, mzee mwenye fidla, na harufu ya atole, ule uji wa mahindi, ikichemka. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Eufrosina alikuwa amesimama mbele ya kitanda kidogo, anafungua pazia taratibu.

"Amka, baba," alikuwa anasema. "Kumekucha. Amka, watu wamekuja."

Mzee akapiga fidla wimbo mfupi. Eufrosina akamnyanyua Mtoto, akamvua gauni la kulalia, akamvika shati lililotariziwa na koti la buluu, mkono mmoja ukishika shingo kama ashikwavyo mtoto mchanga. Kisha akavichukua vile viatu viwili, virefu kama kidole gumba, akavigeuza. Kwenye soli palikuwa na vumbi na jani moja la nyasi. San Jerónimo hapaulizwi vumbi hilo linatoka wapi.

"Huyu jana alifika mpaka ziwani," alisema Tomasa.

"Ametembea, ametembea," watu waliitikia wakicheka kwa upole.

Eufrosina akageuka na viatu mkononi, na hapo akamwona yule mtu mrefu mlangoni mwenye macho ya doña Wini. Maneno yote ya miezi miwili, salamu, namba, nguo, magonjwa, yakamkimbia kama kuku waliorushiwa jiwe. Lakini viatu vilikuwa mkononi na saa ilikuwa imefika, kwa hiyo alifanya alichokifanya kila asubuhi. Alikwenda kwenye kiti kilicho bora kuliko vyote nyumbani, kile chenye mto, akavikabidhi viatu kwa doña Wini.

Doña Wini alikuwa amekaa pale, nywele zimechanwa, kitambaa magotini, kopo la dawa ya viatu pembeni. Alivipokea. Akaanza kupiga rangi kwa duara ndogondogo, kwa makini, mikono yake ikijua kazi ambayo kichwa hakikuijua tena. Akaguna wimbo fulani wa kwao.

Desmond alitoa simu yake. Kwenye kioo ilikuwepo karatasi ya sentensi tisa.

"Mtoto," alisema kwa Kiingereza, polepole, akinyoosha kidole kitandani. "Mtoto ni huyu?"

"Huyu," alisema Eufrosina.

"Miaka mia mbili na themanini."

"Na moja. Samahani. Mimi kosa."

Desmond aliisoma tena karatasi. Alipofika kwenye peremende mabega yakaanza kumtikisika. Alipofika kwenye viatu alijifuta uso kwa kiganja, akakaa kwenye ngazi, na Tomasa akamtilia kikombe cha atole mkononi.

"Huyu ana njaa," Tomasa alimnong'oneza mwenzake. "Mtu mwenye njaa husoma vibaya."

Alipokwisha kunywa aliuliza tena, sasa kwa sauti nyingine. Kwa nini hakuandika kuhusu mama yake? Mwalimu alikwisha kumwambia kwenye simu kwamba anamwogesha, anamchana, anampeleka makaburini. Kwa nini hayo hayamo?

Eufrosina alielewa nusu, akaibahatisha nusu. Akatafuta maneno yake, akayapata machache.

"Wewe uliza kazi," alisema. "Kazi, hii." Akaonyesha kitanda kidogo. "Mama yako, si kazi. Mama yako, jirani." Kisha akanyoosha vidole tisa, akapiga ishara ya msalaba, akashika tasbihi yake kichwa chini miguu juu, akamwonyesha doña Wini kwenye kile kiti. "Mume wangu kufa. Mama yako kuja. Siku tisa."

Desmond aliitazama ile tasbihi kwa muda mrefu.

"Hapa umeandika," alisema mwishowe, "tarehe mbili Februari unampa mtu mwingine."

"Ndiyo. Yeye." Tomasa, aliyejua kwamba anasemwa, aliinama kidogo kama malkia.

"Na mama yangu? Mwaka ukiisha, naye utampa mtu mwingine?"

Hilo Eufrosina alilielewa lote. Alitaka kusema mengi, na Kihispania chote kilimjaa kinywani, lakini huyu hakukijua. Ukutani ilining'inia orodha ya wenye zamu, iliyonakiliwa kutoka kitabu cha parokia, majina yakishuka mpaka mwaka ambao yeye hatauona. Akaigonga kwa kidole.

"Mtoto, foleni ndefu," alisema. "Watu wengi, wengi." Halafu akaenda akasimama nyuma ya kiti cha doña Wini, karibu, bila kumgusa. "Mama yako, foleni, mimi tu."

Mzee wa fidla, ambaye hakuelewa hata neno moja, alikohoa akatazama dari. Ni doña Wini aliyeinua kichwa, akamwona kijana mkubwa mwenye mvi amekaa ngazini bila kazi.

"Usikae tu hivyo," alimwambia kwa Kiingereza, akimnyooshea kiatu cha pili. "Alikuwa nje usiku kucha, masikini. Na kuna umande."

Hakumtambua. Hilo kila mtu aliliona, na watu wa San Jerónimo, ambao hupenda kutazama kila kitu, wote kwa pamoja wakapata jambo la kutazama uani. Desmond alichota dawa kwa ncha ya kidole. Alipiga rangi kile kiatu kama gumba, vibaya, na mama yake akamsahihisha, naye akapiga upya.

Yareli alipofika saa tano mbio, nywele zimelowa, aliwakuta bado wamekaa. Kazi yake ya kutafsiri ilikuwa fupi. Desmond alisema atabaki mpaka Mtoto akabidhiwe, kisha atarudi kwao, na ataondoka na tiketi moja tu. Atakuja Pasaka, atakuja tena Agosti. Akauliza kama doña Eufrosina ana sharti lolote.

"Ninalo moja," alisema Eufrosina. "Apige simu kila Jumapili. Hata kama mama hamjui ni nani. Sauti ataijua."

Tarehe mbili ilifika na fataki zake na masufuria ya corunda, vibonge vya unga wa mahindi vilivyofungwa katika majani yake. Eufrosina alivuka barabara na Mtoto kifuani, hatua ishirini na tatu tu, akamweka mikononi mwa Tomasa mbele ya padre. Hakulia pale. Alilia baadaye kidogo, akifagia chumba kitupu, na Desmond, aliyekuja kuaga, alichukua kizoleo akamshikia mpaka alipomaliza.

Asubuhi iliyofuata palikuwa kimya. Hapakuwa na fidla. Doña Wini aliamshwa, akaoshwa, akachanwa, akaletwa kwenye kiti chake chenye mto. Akatandaza kitambaa magotini mwenyewe. Kisha akafungua kiganja, akakinyoosha mbele, akangoja.

Eufrosina alikitazama kile kiganja. Alikuwa amefikiria yote, chumba kitupu, kimya, lakini hilo hakulifikiria. Akaangaza huku na huku jikoni kama kuna kitu kidogo cha kumpa.

Mlango ukasukumwa bila hodi. Alikuwa Tomasa, nywele hazijafungwa, aproni ameikunja kama aliyebeba mayai.

"Wanangu hawajui kupiga viatu rangi," alisema kwa hasira, wala hakumtazama mtu. "Watavikwaruza. Nitavileta hapa kila siku, na wewe usinishukuru, sina muda." Akaviweka viatu viwili kwenye kile kiganja kilichonyooshwa, akakifunga vidole taratibu, kimoja kimoja. "Mwambie tu asikawie. Nimemwacha Mtoto miguu mitupu."